Stara Aliyemvaa Bibi Ruthu

Erica hakubisha hodi. Aliingia uani mwa nyumba moja ya kupanga huko Nzuguni, Dodoma, wakati kamera zinafanya kazi, akapita mbele ya taa, akakanyaga waya, akasimama mbele ya Stara aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta uwele.

"Kata! Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Nani kamruhusu huyu kuingia?"

Erica hata hakugeuka. "Dada Stara," alisema, "mvue mama yangu."

Watu wa kamera walitazamana. Hawakuelewa. Stara alielewa. Ungo ulimlegea mikononi na uwele ukamwagikia mapajani. Alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya udongo kilichochakaa pindoni, na kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cheusi, fundo likiwa kando, juu ya sikio. Alitaka kujibu kwa kinywa chake mwenyewe, lakini kabla hajajibu alijikuta amevuta mdomo wa chini kwa vidole viwili, kama Bibi Ruthu, mama yake Erica, afanyavyo anapotafuta la kusema.

"Umeona?" Erica akasema. "Hata sasa unafanya. Mama hainuki kitandani. Anakohoa kile kikohozi chako cha kwenye televisheni. Wewe ulianza kukikohoa, yeye akafuata. Na nasikia sasa mnataka kumuua."

"Erica, siyo yeye. Ni Mama Nathanaeli. Ni mchezo."

"Nguo ni za nani?"

Nguo zilikuwa za Bibi Ruthu, na ni yeye mwenyewe aliyekwenda kuziomba.

Kijana mmoja wa taa alimshika Erica mkono kwa adabu, akamsindikiza mpaka getini. Erica hakupigana naye. Aliondoka akiwa amejifunika uso kwa khanga, na uani pakawa kimya kiasi cha kusikia jirani akikwangua sufuria.

Mtu asiyeijua nyumba aliyotoka Stara angesema Erica ana wazimu. Lakini Stara alizaliwa mtaa wa Majengo, kwa babu yake Mzee Swalihu, na pale kwao kumvaa mtu ni jambo lenye sheria zake.

Ukoo wao ulianza na mchukuzi wa misafara aliyetoka Unyamwezi na pembe za ndovu begani, akaugua njiani, wenzake wakamwacha Ugogo afe. Hakufa. Alioa, akabaki, na wajukuu wake wakawa watu wa mjini: Waislamu, wachuuzi, mafundi. Nyumba ya Mzee Swalihu, hata hivyo, ilijulikana kwa sanaa kuliko kwa biashara. Mwanawe Imrani, baba yake Stara, alipuliza tarumbeta katika bendi ya dansi mpaka meno yalipomtoka. Mkewe Imrani, Shamila, alikuwa na sauti iliyowaliza maharusi wasiokuwa na mpango wa kulia. Na mzee mwenyewe, ambaye mchana alikuwa fundi cherehani, alikuwa mtani.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wagogo walipowatoza wachukuzi hongo ya kupita na ya maji. Akifa Mgogo aliyefahamiana na ile nyumba, Mzee Swalihu aliitwa. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea mwendo wake, akagomba kwa sauti yake, na waliokuwa wanalia walijikuta wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Jeneza likiinuliwa, yeye alilala njiani mbele yake, akasema hapiti mtu hapa mpaka apewe chochote, hata kiberiti. Akishapewa aliinuka, akalivua lile koti, akalirudisha kwa wenyewe. Hapo ndipo watu waliposema: sasa marehemu amekwenda.

Stara alikuwa darasa la tano alipokufa Silvano, mume wa Bibi Ruthu, huko Msalato, nje ya mji. Magoti ya Mzee Swalihu yalikuwa yamevimba. Alifika msibani akiegemea bega la mjukuu wake, akawaambia wazee, "Mimi leo siwezi kusimama. Atasimama huyu."

"Mtoto?" wazee wakaguna. "Tena wa kike?"

"Marehemu hatajali."

Koti la Silvano lilimfika Stara visiginoni. Aliisukuma kofia nyuma, akaanza kuhesabu mbuzi wasiokuwepo, akinyoosha kidole, na kila akifika katikati anasahau, anageuka kwa hasira: "Ruthu! Ewe Ruthu! Umenichanganya tena!" Ilikuwa sauti ya Silvano hasa. Bibi Ruthu, ambaye tangu kulipokucha hakuwa ametia hata maji mdomoni, alipasuka kicheko, akaupiga mkeka kwa viganja, kisha akalia kilio kikubwa cha kushusha mzigo, akaomba uji.

"Huyu ndiye mtani wangu," alisema baada ya kunywa. "Siku yangu aje huyu huyu. Msiniletee mwingine."

Wakati wa kurudi mjini, Mzee Swalihu alimweleza mjukuu wake sheria ya ile kazi. "Mtu aliye hai mtanie kwa maneno mpaka wote mchoke. Lakini mwendo wake, sauti yake na nguo zake ni mali yake mpaka azikwe. Ukivivaa mapema, unamharakisha."

Stara aliikumbuka sheria hiyo miaka yote. Ndiyo maana hakuweza kujitetea mbele ya Erica kwa kusema hakujua.

Baada ya shule ya msingi hakuendelea. Alijiunga na kikundi cha sanaa kilichozunguka vijijini, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, juu ya tela la trekta au nyuma ya gari la kuazima, kikiigiza michezo ya chandarua, ya kunawa mikono, ya mabinti kuachwa wasome. Jukwaa halikuwepo. Walichora duara kwenye vumbi wakaingia ndani yake. Alijifunza kusema maneno yake huku upepo unavuma, mbuzi anakatiza, na mlevi anajibu kutoka upande wa pili. Aliolewa, mume akachoka kusikia mkewe kalala ugenini na wapiga ngoma, wakaachana bila matusi ila kwa kununiana sana. Alikaanga vitumbua. Alishona kwa cherehani ya babu yake. Aliitikia nyuma ya mama yake kwenye harusi za watu. Wenzake walioanza naye waliacha mmoja mmoja, wakawa makarani na wauza duka, na yeye akafika umri wa kuitwa mama na wanafunzi wa chuo bila sanaa kuwahi kumlisha msimu mmoja mzima.

Ndipo ikaja tamthilia iliyoitwa *Uzio*. Kampuni yake ilikuwa changa na mwongozaji wake, Yoramu, alikuwa kijana aliyesoma chuo kikuu, Chimwaga, mpole lakini mtu wa haraka. Hadithi ilikuwa ya mjane, Mama Nathanaeli, anayekataa kuuza shamba lake karibu na uwanja mpya wa ndege huku wanawe wakimzunguka na wanunuzi. Stara alipewa kuwa mjane huyo. Maneno hayakuandikwa. Yoramu alieleza tu, "Hapa mwanao kaleta mnunuzi. Hutaki. Haya, twende," na waigizaji wakayatafuta maneno wenyewe.

Mwanzo ulikuwa mbaya. "Dada Stara," Yoramu alimwambia, "unaigiza kwa watu wa uwanjani. Kamera iko hapa, puani. Punguza." Alipunguza mpaka hakikubaki kitu. Jioni moja alimsikia Yoramu nyuma ya gari akinong'ona kwenye simu: "Nitafutie mama mwingine. Ndiyo, haraka. Huyu hawezi."

Stara hakwenda nyumbani. Alikwenda Msalato.

"Mtani," alimwambia Bibi Ruthu, "nipe kitenge chako kimoja cha zamani na kitambaa cha kichwa."

"Vya nini?"

"Vya kazi. Naigiza Mgogo."

"Na wewe mchukuzi huna nguo zako? Haya chukua. Na chawa nao uwaigize."

Kesho yake Stara alikaa mbele ya kamera akiwa ndani ya kile kitenge. Mwanawe wa kwenye mchezo alipoleta mnunuzi, hakusema kitu. Alivuta mdomo wa chini kwa vidole viwili. Alisafisha koo. Akasema polepole, kama Bibi Ruthu anavyowaambia madalali wa mifugo, "Ehee. Sema tena, nilikuwa mbali." Yoramu alisahau kusema kata.

Tangu siku hiyo *Uzio* ikawa ya Mama Nathanaeli. Wauza nyanya sokoni walimwigiza. Abiria walisema "sema tena, nilikuwa mbali" wakidaiwa nauli. Hakuna aliyejua alikotolewa, isipokuwa watu wa Msalato. Wao walimjua kuanzia lile fundo la kitambaa. Kanisani walianza kumwita Bibi Ruthu kwa jina la Mama Nathanaeli, na yeye alicheka. "Wanasema niko kwenye televisheni," alimwambia Stara, "na mimi niko hapa napalilia karanga." Stara alicheka pia.

Jambo moja lilimkaa moyoni. Bibi Ruthu wa kweli husafisha koo kidogo tu kabla ya kusema. Stara alitia chumvi, akageuza kuwa kikohozi kizito cha kifuani, ili watazamaji waone mama anachoka. Masika yalipoisha, Bibi Ruthu akaanza kukohoa hivyo hivyo.

Sasa Erica alikuwa amekwenda zake, na Yoramu alivuta kiti, akakaa karibu na Stara.

"Yule ni nani?"

"Mtoto wa mwenye nguo hizi."

Alimweleza yote, utani, babu yake, kikohozi. Yoramu alisikiliza akikuna kidevu.

"Dada, mimi nawaheshimu wazee. Lakini ratiba ni Ijumaa. Mama Nathanaeli lazima afe, hadithi nzima imejengwa hapo. Na watu wa Dar wanakuja wenyewe kukaa hapa kuangalia. Wanatafuta mama wa tamthilia yao kubwa. Nimewaambia ni wewe. Wakiona unavyokufa, umepata kazi ya miaka."

"Na nikikataa?"

"Sitakulazimisha. Yuko yule mama wa Kondoa aliyekuja kujaribiwa mwanzoni. Tutamvisha hizi nguo, tutamgeuzia uso ukutani." Akasita. "Atakufa tu. Vibaya, lakini atakufa."

Maneno hayo yalimfuata Stara mpaka kitandani. Akiacha, kazi aliyoitafuta tangu utoto inakwisha, na mgeni analala ndani ya kitenge cha Bibi Ruthu na kufa ovyo. Akikubali, anavunja tena ile sheria ambayo alikwisha kuivunja, na safari hii anaivunja mpaka mwisho.

Alhamisi alikwenda Msalato. Magreda ya barabara yalikuwa yanatimua vumbi jekundu mpaka kwenye mapaa. Erica alikuwa mlangoni anachambua mlenda. Alimwona, hakuinuka.

"Umekuja kumpima jeneza?"

"Erica, naomba nimwone."

"Nani huyo?" sauti ikatoka ndani, nyembamba.

"Mtani wako," Erica akajibu kwa uchungu.

"Mwache aingie. Wachukuzi hawana pa kwenda."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango ili jua limfikie mgonjwa. Bibi Ruthu alikuwa amepungua. Mikono iliyokuwa ikinyanyua debe la maji kama kikombe ilikuwa juu ya blanketi, imetulia.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Umeleta hongo?"

"Hongo mlishakula ya babu yangu mzaa babu."

"Tulikula," Bibi Ruthu akasema, "na maji tuliwapa ya matope." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kizito, cha kifuani, cha kupanda ngazi tatu na kushuka. Stara akakitambua. Kilikuwa chake. Alikitunga mwenyewe pale Nzuguni, akiwa ameketi kigodani.

Bibi Ruthu alipopata pumzi alisema, "Erica anasema umenivaa."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho unanifisha."

"Ndiyo. Nimekuja ili—"

"Usiniambie umekuja kuomba ruhusa. Nguo uliomba. Mwendo hukuomba." Alimtazama kwa muda. "Hapa nyumbani hatuna televisheni. Kila mtu kaniona isipokuwa mimi. Simama, nionyeshe."

"Mama, hapana!" Erica akaingia, majani ya mlenda bado mkononi.

"Nyamaza. Haya, mtani."

Stara aliinuka. Hakuwa na kile kitenge, hakuwa na kitambaa. Alisimama katikati ya chumba, akashusha bega moja, akatembea kutoka ukutani mpaka dirishani na kurudi, akikanyaga kwanza kwa ukingo wa mguu kama mtu anayekwepa miiba. Akasimama. Akavuta mdomo kwa vidole viwili. "Ehee," akasema. "Sema tena, nilikuwa mbali."

Erica aliziba mdomo kwa mkono. Bibi Ruthu hakucheka. Macho yake yaliifuata ile miguu hata baada ya kusimama.

"Ndivyo ninavyotembea?"

"Ndivyo, mama."

"Nimezeeka hivyo?" Hakungoja jibu. Aligeuza uso, akatazama nje, kule kwenye vumbi. Huko nje greda likazima mtambo wake.

"Mama," Stara akasema, "ukisema nisifanye, sifanyi. Naapa. Nitawapigia simu sasa hivi."

"Mimi sisemi. Nani aliniambia nilime nini? Kazi ni yako." Alijivuta, Erica akamwekea mto mgongoni. "Na kikohozi hiki siyo chako. Ni cha moshi wa jikoni na uzee. Huyu mwanangu ana hofu. Mimi sikuogopi, mchukuzi wewe. Ila nisikilize. Mimi ni mmoja. Sina Ruthu wa Ijumaa na Ruthu wa kaburini. Ukinicheza kesho, umenicheza. Siku yangu ikifika utakuja na nguo zako safi, utakaa na wanawake, utalia kama jirani. Koti langu usiliguse. Njia yangu usiizuie."

"Na nisipokucheza kesho?"

"Basi utanisubiri." Bibi Ruthu akatabasamu, meno machache yakaonekana. "Na mimi sina haraka."

Ijumaa magari ya watu wa Dar yalikuwa yamekwisha kufika Stara alipoingia uani. Wanaume wawili na mwanamke mmoja waliketi nyuma ya kamera, miwani ya jua vichwani, wakinywa maji ya chupa. Yoramu alimsogelea. Alimwonyesha kile kitenge na kile kitambaa, vimekunjwa vizuri juu ya kiti.

Stara alivivaa. Alijilaza kitandani. Usiku kucha alikuwa amefikiri njia ya katikati: atakufa, lakini atakufa kwa mwili mwingine, wa mwanamke wa kubuni tu, na Bibi Ruthu atabaki mzima, hajachezwa.

"Haya, twende."

Alikufa. Alihema, akanyoosha mkono kwa mwanawe wa kwenye mchezo, akafumba macho. Yoramu akasema kata, akainama karibu naye.

"Mama Nathanaeli yuko wapi?"

"Si huyu hapa?"

"Huyu simjui. Turudie."

Wakarudia. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, ilikuwa kama ile michezo ya kunawa mikono ya vijijini. Mwanamke wa Dar alitazama simu yake. Mmoja wa wanaume alinong'ona kitu, mwenzake akainua mabega. Stara alikiona kile kitendo cha kuinua mabega kupitia kope zilizofumbwa nusu. Alikuwa amekiona mara nyingi maishani.

"Dada," Yoramu akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma, "tufanye moja ya mwisho. Kisha basi, vyovyote itakavyokuwa."

Taa zikarekebishwa. Stara alimwona kichwani mwake Bibi Ruthu akitazama ile miguu. Aliona koti asilolijua bado, likiwa limetandazwa mikononi mwa mtu, na yeye anapita bila kuligusa. Alijua kabisa anachouza.

"Twende."

Akashusha bega. Kikohozi kilipanda ngazi zake tatu, kikashuka. Mwanawe wa kwenye mchezo aliinama akaanza kusema, "Mama, nisamehe, ile karatasi ya shamba—" na yeye akavuta mdomo wa chini kwa vidole viwili, akamtazama kama mtu anayetafuta sura kwa mbali, akasema kwa pumzi iliyobaki, "Sema tena." Hakumaliza. Vidole vilibaki mdomoni kidogo, kisha vikaanguka.

Hakuna aliyesema kata. Kijana wa taa, yule aliyemtoa Erica, alikuwa analia waziwazi. Mwanamke wa Dar alisimama bila kujua amesimama. Stara alifumbua macho mwenyewe, akakaa, akavua kitambaa, kisha akavua kile kitenge pale pale mbele yao, gauni lake likiwa chini yake, akakikunja.

"Nipeni maji," alisema.

Alipata kazi. Tamthilia ile kubwa ya Dar ilimfanya ajulikane mpaka Mombasa. Akajenga nyumba ndogo Nzuguni, akamhamishia mama yake, na vijana wa vikundi vya sanaa walikuja kumwamkia na kuomba kufundishwa.

Na Bibi Ruthu hakufa. Aliinuka kitandani kabla ya mavuno ya mtama, akashika jembe. Stara alipompelekea nguo zake alimkuta anamenya karanga.

"Nasikia nilikufa vizuri," Bibi Ruthu alisema.

"Vizuri sana, mtani. Watu walilia."

"Afadhali. Maana siku ya kweli Wagogo watakuwa wako shambani."

Wakacheka, wakataniana kama zamani, hongo na mizigo na maji ya matope. Kila Stara alipokwenda walifanya hivyo. Lakini lile agizo halikutajwa tena, na yeye aliogopa kuuliza kama bado lipo. Alipenda kufikiri lilisemwa kwa homa. Alijiambia hivyo hadi akakaribia kuamini.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi ya Dodoma inayopasua midomo, Erica alimpigia simu alfajiri. Hakusema mengi. "Mama amepumzika. Njoo."

Stara alivaa dera jeusi na khanga mpya. Alipofika Msalato, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Walimwona, wakamfungulia njia, na minong'ono ikageuka kuwa furaha ya msibani: "Mtani kafika! Mtani wake kafika!" Wengine walikwisha kuanza kutabasamu, wakijiandaa. Safari hii haikuwa televisheni, walikuwa na Stara mwenyewe, mzima, na wengi wao waliwahi kusikia habari za mtoto aliyehesabu mbuzi wa Silvano.

Joshua, mdogo wake marehemu, mzee mwenye mvi kama pamba, alitoka ndani amebeba sweta la kijivu la Bibi Ruthu na kile kitambaa cheusi. Alivinyoosha kwake kwa mikono miwili, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mtani. Dada yetu alikuwa anakungoja."

Stara aliviangalia. Sweta lilikuwa bado limeshika umbo la mabega, moja chini kuliko jingine. Mikono yake ilianza kuinuka yenyewe. Akaishika pamoja tumboni.

"Samahani, babu," alisema. "Mimi leo nimekuja kulia tu."

Joshua hakuelewa. Alibaki amenyoosha mikono. Stara alipita kando yake, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka na wanawake, nyuma kabisa.

Minong'ono ikarudi, sasa ya namna nyingine. "Kajiona staa." "Mpaka alipwe kwanza?" "Huyo si ndiye aliyekula kwa jina la marehemu kwenye televisheni, leo hamjui?" Stara alisikia kila neno. Hakuinua kichwa. Hakuwa na cha kuwaeleza, maana waliolijua lile agizo walikuwa watatu na mmoja wao amelala ndani.

Ibada ilikwenda. Kwaya iliimba. Watu walilia kilio kikavu, kisichofunguka, kila mmoja akingoja kitu ambacho hakikuja. Ndipo Erica alipokuja akachuchumaa mbele yake, macho yamevimba, lile sweta likiwa kifuani mwake.

"Dada, inuka," alinong'ona. "Nakuomba. Mama asiende kimya hivi."

"Alinikataza, Erica. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ndiyo maana nakuambia mimi. Nani mwingine anajua? Ni mimi na wewe tu." Alimsukumia sweta mapajani. "Mimi ndiye niliyesema mvue. Nasema tena, mvae. Nimekosa."

Sweta lilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya karanga. Bega la Stara likaanza kushuka. Alilisikia likishuka, akalisikia koo likijikusanya, kile kikohozi kidogo cha kweli, siyo cha kutiwa chumvi, kimekaa tayari nyuma ya ulimi. Watu wa karibu walikuwa wameanza kugeuka. Ilihitajika asimame tu.

"Alinipa nichague," alisema, "nikachagua."

Akalikunja lile sweta, mkono juu ya mkono, akamrudishia Erica.

Wanaume waliinua jeneza. Njia ya kwenda kaburini ilipita kati ya mahindi yaliyokauka, na watu walisogea pande zote mbili kuacha nafasi, kama wanavyofanya siku zote, nafasi ya mtani kulala. Waliobeba walipofika pale walipunguza mwendo. Mmoja alitazama nyuma. Kisha wakaendelea.